Kuomba Nafasi ya Kusoma Sheria Ngambo: Dosiye Inaanza Hapa



Wiki moja kabla ya likizo, mwanafunzi mmoja wa darasa la mwisho alinifuata kwenye veranda. Akaniuliza: "Mwalimu, nikipata diplome d'État na points nzuri, ninaweza kuandikia iniversite ya Marekani mara moja, kusudi nitoke kule avoka?" Nikamjibu: "Mtoto wangu, ulizo lako ni zuri, lakini umelishika kwa mkia. Tulishike kwanza kwa kichwa." Tukazungumza hata kengele ikalia. Najua wengi wenu muko na ulizo lile lile, kwa hiyo naandika hapa yale tuliyosema.

1. Ngazi za masomo hazifanani

Hapa kwetu mwenye diplome d'État anaingia Fakulte ya Sheria bila kupita fasi ingine. Zamani alifanya gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla miaka 5. Kwa mpango mpya ulioenea tangu mwaka wa masomo 2021-2022, anafanya lisansi miaka 3, kisha masta miaka 2.

Marekani iko namna ingine. Kule mtu anasoma kwanza iniversite, mara nyingi miaka 4, katika masomo yo yote. Ndipo anaingia shule ya sheria kwa miaka 3 na kupata diploma inayoitwa J.D. Kijana anayetoka sekondari, hata akiwa mwenye akili sana, hawezi kuingia pale.

Lakini kuko mlango mwingine, ni ule unaoitwa LL.M. Ni masomo ya mwaka mmoja kwa mtu aliyekwisha kupata diploma ya sheria katika inchi yake. Kwa wengi wetu njia ni hii: diplome d'État, Fakulte ya Sheria hapa Kongo, ndipo LL.M. Hesabuni wenyewe: ni safari ya miaka sita au zaidi. Msiogope. Mimi naandika leo kwa sababu mizigo ya safari hiyo inafungwa tangu sekondari.

2. Kwa sababu gani kwenda?

Sheria yetu ilitoka kwa Wabeljiki. Ni sheria ya kodi, ni kusema sheria zilizoandikwa kwa vifungu. Ile ya mapatano ni ya 1888. Kodi ya Familia ni ya 1987, ikatengenezwa tena mwaka 2016. Kwa Waingereza na Wamarekani, hukumu za mahakimu wa zamani nazo zina nguvu ya sheria, na avoka anatafuta kwanza: hakimu alisema nini siku ile? Mtu anayejua njia zote mbili anaweza kusimama mahali pengi.

Angalieni mfano mmoja unaotugusa. Mwaka 1999 inchi yetu ilishitaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya La Haye. Mwaka 2005 mahakama ilisema Uganda ilivunja sheria. Lakini malipo yalikatwa mwaka 2022 tu: dola milioni 325, pungufu sana ya yale Kongo iliyoomba. Mahakimu walisema kwamba ushuhuda ulioletwa haukutosha kuonyesha hesabu kamili ya watu waliokufa na vitu vilivyopotea. Watu walikufa kweli, kila mtu anajua. Lakini mahakamani kujua haitoshi, inapashwa kuonyesha. Inchi yetu inahitaji watu waliojifunza kukusanya na kuonyesha.

Hapa nataka muelewe jambo: LL.M. peke yake haikufanyi avoka wa Marekani. Kila jimbo liko na kanuni zake. Kule New York, mtu aliyesoma sheria ya kodi anaweza kukubaliwa kufanya ekzamini ya mavoka kama muda wa masomo yake ya kwanza unatosha, na kama LL.M. yake ina krediti 24 au zaidi, pamoja na masomo fulani yaliyoamriwa. Majimbo mengine yanakataa kabisa.

3. Vitu vinavyoombwa

Shule nyingi za sheria za Marekani zinapokea dosiye kupitia shirika moja linaloitwa LSAC, linalokusanya makaratasi na kuyatuma. Wanaomba karibu vitu hivi:

a) Diploma na releve za points za miaka yote ya iniversite, pamoja na tafsiri yake kwa Kiingereza. Mara nyingi iniversite yenyewe inapashwa kuzituma, si wewe kuzibeba mkononi.

b) Barua za ushuhuda, kwa desturi mbili, za maprofesa wanaokujua. Barua inayosema tu "ni kijana mwenye adabu" haisaidii. Inapashwa kusema uliandika nini, ulitetea nini, na ulikuwa wa ngapi katika darasa.

c) Barua yako mwenyewe: kwa nini sheria, kwa nini somo hili, utalifanyia nini. Usimlipe mtu akuandikie. Maneno ya kununua yanajulikana haraka.

d) Ushuhuda wa Kiingereza, kama TOEFL au IELTS. Matokeo ya TOEFL yanaisha nguvu baada ya miaka 2. Kwa hiyo usifanye mapema mno.

e) Historia fupi ya masomo na kazi yako.

Ekzamini inayoitwa LSAT ni ya wale wa J.D.; kwa LL.M. kwa kawaida hawaiombi. Nimesikia watu wakiuza "mafunzo ya LSAT" kwa vijana wasioihitaji. Mujilinde.

Masomo yanaanza mwezi wa nane au wa tisa, lakini shule nyingi kubwa zinafunga mlango kati ya mwezi wa kumi na mbili na mwezi wa pili. Kwa hiyo anza kutafuta makaratasi mwaka mzima na nusu mbele.

4. Points zetu zinasomwaje?

Jambo hili limeumiza wengi. Hapa kwetu, kwa desturi ya zamani, mwenye 62% amepita kwa satisfaction na nyumbani wanachinja kuku. Mwenye 70% amepata distinction, na darasa zima linajua jina lake. Lakini Mmarekani akiona 62 anafikiri ni mwanafunzi aliyeanguka karibu, maana kwao wengi wanapata 85 au 90. Hajui kwamba katika auditoire ya watu mia tatu labda watano tu walipita 70.

Dawa yake si kubadilisha points. Huo ni wizi, na ukikamatwa mlango unafungwa milele. Dawa ni kueleza. Omba iniversite ikupe karatasi inayoonyesha mpango wa mentions, na profesa aandike cheo chako kati ya wenzako. Tena eleza kama "lisansi" yako ni ile ya zamani ya miaka 5 au hii mpya ya miaka 3, maana neno ni moja lakini masomo ni mawili.

5. Jina lako

Nawasimulia habari ya kijana mmoja niliyemfundisha. Alisoma sheria vizuri, akapata distinction. Alipokusanya dosiye akaona mambo haya: kwenye diplome d'État jina lilikuwa na "sh", kwenye diploma ya iniversite lilikuwa na "s" tu, na pasiporti iliacha postnom kabisa. Hata tarehe ya kuzaliwa ilihitilafiana kwa siku mbili. Kwa msomaji wa mbali hawa walikuwa watu watatu. Akarudi mahakamani kutafuta hukumu ya kusahihisha, akapanga mstari mbele ya ofisi, akangoja releve miezi minne. Tarehe ikapita. Mwaka mzima ulipotea kwa ajili ya herufi moja aliyoiandika vibaya mtu fulani, na ambayo yeye mwenyewe aliiona tangu sekondari akasema: "Haizuru."

Rafiki zangu, inazuru. Siku mnapojaza karatasi za Exetat, chukueni acte de naissance, someni herufi kwa herufi: nom, postnom, prénom, tarehe, mahali. Ukiona kosa, mwone Bwana Prefe siku ile ile. Leo kosa linasahihishwa kwa kalamu. Kesho litaomba mahakama.

Yule kijana hakukata tamaa. Mwaka uliofuata dosiye yake ilifika mbele ya tarehe, na akapokelewa.

6. Feza

Nisiwafiche. Katika shule kubwa kama Harvard na Columbia, masomo ya mwaka mmoja tu yanapita dola 70,000, bila chakula na nyumba. Mbele ya kupewa fomu I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, inapashwa kuonyesha feza itatoka wapi. Baba anayeuza shamba lote kwa ajili ya matumaini hayo anaweza kupoteza shamba na mtoto. Kupokelewa bila bursi si kupokelewa kamili.

Kwa hiyo tafuteni bursi pamoja na nafasi, si nyuma yake. Kuko Fulbright ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946. Kuko Chevening ya Uingereza, tangu 1983. Hii inaomba karibu miaka miwili ya kazi mbele ya kuomba, na kurudi nyumbani miaka miwili baada ya masomo. Bursi za Commonwealth si zetu, maana Kongo si memba wa umoja ule.

Tena msidharau Afrika. Kule Pretoria, Afrika ya Kusini, kuko LL.M. ya haki za binadamu tangu mwaka 2000. Inachukua karibu wanafunzi 30 kutoka inchi nyingi za Afrika. Wanasoma kwanza Pretoria, kisha wanatumwa iniversite ingine ya Afrika. Ilipata zawadi ya UNESCO mwaka 2006. Masomo ni kwa Kiingereza, na anayetoka kule anaheshimiwa.

Na mtu akikuambia, "Nipe dola 500, nitakupatia nafasi," mwambie asante, shika njia yako.

7. Kazi ya tangu leo

Ninyi muko bado kwenye benchi. Fanyeni mambo manne. Sahihisheni majina. Someni Kiingereza kila siku, hata ukurasa mmoja, maana hakifunzwi kwa miezi mitatu. Andikeni Kifaransa safi, kwa kuwa asiyeweza kupanga mawazo katika lugha anayosomea hatayapanga katika ingine. Na wekeni kila buletini katika bahasha moja, mbali na mvua na panya.

Yule mwanafunzi wa veranda alirudi siku ya tatu. Hakuniuliza tena habari za Marekani. Aliniletea acte de naissance yake na karatasi ya Exetat, akasema: "Mwalimu, niliona kosa moja." Nikamwambia: "Basi umekwisha kuanza."

Maulizo ya kufikiri

1. J.D. na LL.M. zinatofautiana namna gani?
2. Kwa nini Mmarekani anaweza kusoma vibaya 62% yetu? Utamweleza namna gani?
3. Tazama makaratasi yako matatu. Je, jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa vinafanana katika yote?
4. Jadilini darasani: mtu aliyepata bursi anawiwa nini na inchi yake?