Si Kila Homa ni Malaria: Funzo kutoka Vituo vya Afya vya Zanzibar

Kazi ya kutoa dawa haianzi pale vidonge vinapotiwa katika bahasha. Huanza na swali: mgonjwa huyu anaumwa nini hasa? Swali hilo ni la zamani Unguja. Jengo lenye roshani za mbao lililokabili bandari ya Mji Mkongwe, ambalo tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887 na likamalizika mwaka 1894, huitwa Dispensari ya Zamani kwa kuwa baadaye wagonjwa walihudumiwa humo. Hata hivyo, kwa miaka mingi mtoa dawa visiwani hakuwa na njia nyepesi ya kulijibu. Aliyefika na homa alihesabiwa kuwa ana malaria, akapewa klorokwini na kurejea nyumbani.

Dawa iliyoshindwa

Mazoea hayo yaligeuka kuwa hatari vimelea vya malaria vilipojenga usugu. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar ulionyesha kwamba klorokwini ilishindwa kwa wagonjwa wapatao 60 katika kila 100 waliofuatiliwa kwa siku 14. Kwa mtoto mchanga, siku chache za kumeza dawa isiyofaa zaweza kumpotezea uhai. Novemba 2001 Wizara ya Afya iliamua kuiacha klorokwini. Mwishoni mwa 2003 vituo vya serikali vilianza kutoa bure dawa ya mseto, yaani artesuneti pamoja na amodiakwini. Artesuneti huua vimelea vingi kwa haraka, lakini haikai sana mwilini. Amodiakwini hukaa muda mrefu na kuvimaliza vilivyosalia. Kimelea kinachoponyoka dawa moja hukutana na ya pili.

Lakini dawa mpya ilikuwa ghali kuliko ile ya zamani. Je, ilifaa kupewa kila mwenye homa?

Mjarabu wa mwaka 2005

Swali hili lilichunguzwa na mtafiti wa Kizanzibari, Mwinyi Msellem, akishirikiana na wenzake wa Zanzibar na wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden, akiwemo Profesa Anders Björkman. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Katika vituo vinne vya afya vya msingi, wagonjwa wa homa walitibiwa kwa njia mbili zilizopishana: wiki moja kwa kuangalia dalili peke yake, na wiki nyingine kwa kuongeza kipimo cha haraka, ambacho huhitaji tone moja tu la damu na hakitaki hadubini wala umeme.

Tofauti ilikuwa kubwa. Katika wagonjwa 882 waliotibiwa kwa dalili, 752, yaani asilimia 85, walipewa dawa ya malaria. Katika 1,005 waliopimwa, waliopewa ni 361 tu, yaani asilimia 36. Na waliopimwa hawakudhurika kwa kunyimwa dawa: waliorudi kituoni wakiwa bado wagonjwa walikuwa asilimia 2.5, ilhali katika kundi la dalili walikuwa asilimia 4.9. Yaelekea kwamba tabibu alipojua kuwa si malaria, alitafuta ugonjwa wenyewe.

Jambo moja lataka tahadhari. Viuavijasumu viliandikwa kwa asilimia 37 ya waliopimwa, dhidi ya asilimia 27 ya wengine. Dawa moja ilipookolewa, nyingine ilianza kutumiwa zaidi, nayo pia huzaa usugu.

Hesabu ya kipimo

Kipimo hicho, kikilinganishwa na hadubini, kiligundua wagonjwa 92 katika kila 100 wenye vimelea, na kiliwatambua kwa usahihi 88 katika kila 100 wasio navyo. Msomaji na achukulie wagonjwa 1,000 wa homa, 300 kati yao wakiwa na malaria. Kipimo kitawaonyesha 276 kwa haki, na 84 kwa makosa. Basi katika kila majibu 100 ya "ndiyo", karibu 77 ni ya kweli. Malaria ikipungua hata wagonjwa wakawa 50 tu, majibu ya kweli yatakuwa 46 na ya makosa 114. Yaani "ndiyo" ya kweli itakuwa 29 tu katika 100. Kipimo hakikubadilika, kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa.

Hesabu hii si ya darasani tu. Kwa dawa ya mseto, vyandarua na juhudi nyingine, kufikia mwaka 2010 wenye vimelea visiwani walikuwa chini ya asilimia 1 ya watu. Nayo dawa haikuchakaa: mjarabu wa mwaka 2017, miaka 14 baada ya kuanza kutumika, ulionyesha kuwa bado inaponya vyema.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini dawa mbili pamoja huchelewesha usugu kuliko dawa moja?
2. Rudia hesabu ya hapo juu kwa wagonjwa 100 wenye malaria katika 1,000.
3. Mtoto ana homa, na kipimo kimeonyesha hana malaria. Mtoa dawa afanye nini kabla ya kutoa kiuavijasumu?