Neno "do": Si Kila Mara ni "Fanya"



Mpendwa msomaji, fikiria parokia yenu imepata padre mgeni anayebatiza kwa Kiingereza, nawe umeombwa kutafsiri. Padre anawauliza wazazi na wasimamizi kama wanamkataa Shetani. Msimamizi mmoja anayejua Kiingereza anajibu: "I do." Utawaambia waamini amesema nini? Ukisema "Ninafanya", watatazamana.

Kamusi haikukudanganya. "Do" ni kufanya au kutenda. Lakini neno hili dogo lina kazi zaidi ya moja. Tuangalie tatu.

Kwanza, hutaja tendo lenyewe. "I do my work" ni "Ninafanya kazi yangu."

Pili, husaidia kuuliza na kukanusha. "Do you pray?" ni "Je, unasali?" Hapa tendo ni "pray", "do" linaunda swali tu na kuonyesha wakati. Ndiyo maana "Did you pray?" ni "Je, ulisali?" Sasa tazama swali hili: "What do you do?" Neno ni moja, kazi ni mbili. "Do" la kwanza linauliza, la pili linataja tendo. Unaulizwa unafanya kazi gani.

Tatu, husimama mahali pa kitenzi kilichokwisha kutajwa. "I do" ya msimamizi wetu iko hapa. Kiswahili hurudia kitenzi chenyewe: "Namkataa." Padre akiendelea kuuliza kama wanasadiki, jibu la Kiingereza ni lile lile, "I do", lakini sisi husema "Nasadiki." Maneno yale yale, mara ya kwanza ni kukataa, mara ya pili ni kusadiki. Mfasiri asiyesikiliza swali hawezi kutafsiri jibu.

Na si mfasiri peke yake. Katika Mkesha wa Pasaka sote hurudia ahadi za ubatizo. Tukijibu kwa mazoea, huku mawazo yako kwenye mshumaa unaodondosha nta, tutakuwa tumetamka jibu bila kujua tumeahidi nini. Tusikilize swali kwanza, kisha tujibu.

Zoezi: Tafsiri sentensi hizi, kisha eleza kazi ya kila "do", "does" au "did".
1. Does he believe? He does.
2. Did you sing? I did.
3. They did not do it.