Hazina ya Shambani na Bei ya Haki

Maandiko ya somo: Mathayo 13:44, Mithali 20:14, Mambo ya Walawi 25:14-16, Mwanzo 23

Katika mafundisho ya wafanyabiashara mwezi huu, kuna swali moja limekataa kuisha. Kijana wa ushirika wetu hununua vitabu vya zamani kwa wale wanaouza kando ya barabara katikati ya Nairobi, vile vinavyotandazwa juu ya gunia, kila kimoja shilingi hamsini au mia. Yeye anajua anachotafuta. Tuseme amekutana na Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, chapa ile ya kwanza ya mwaka wa 1964. Anajua kuna watu wanaokusanya vitabu kama hivyo na watalipa mara nyingi zaidi. Muuzaji hajui. Kwake hicho ni kitabu cha shule kilichochakaa. Kijana anatoa hamsini yake, anashukuru, anaenda. Je, ametenda dhambi?

Chumba kiligawanyika papo hapo. Ndugu mmoja akafungua Mathayo 13:44 kumtetea: mtu alikuta hazina shambani, akaificha tena, akaenda kwa furaha akauza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua lile shamba. Hakumwambia mwenye shamba. Na Yesu hakumkemea. Kesi imeisha, ndugu akasema, akaketi.

Haijaisha. Mfano ni kama kidole kinachoelekeza. Ukikaa kuchunguza kucha utakosa kuona kinakoelekeza. Bwana alisema atakuja kama mwizi usiku, na hakuna mhubiri anayetumia hilo kuhalalisha wizi. Alimsifu wakili dhalimu wa Luka 16 kwa busara yake, wala hatuwafundishi makarani wetu kughushi hati za madeni. Mfano wa hazina unafundisha kwamba ufalme unastahili kila kitu ulicho nacho. Hebu angalia tena, huyu mtu aliuza vyote. Wanaomtaja ili kutetea bei ya kutupa wanasahau kwamba alirudi nyumbani bila hata kigoda.

Kwa hivyo tukitaka mafundisho ya kununua na kuuza, twende mahali ambapo Biblia inazungumzia kununua na kuuza.

Mithali 20:14 inamwonyesha mnunuzi ambaye sote tunamjua. Anaiponda bidhaa mbele ya mwenyewe, kwamba ni mbovu na haina maana, kisha akishaondoka anajigamba kwa marafiki. Mtumishi yeyote aliyewahi kwenda Gikomba amemsikia mtu huyu, na pengine amemsikia ndani ya koo lake mwenyewe. Sasa, kupatana bei ni desturi yetu. Muuzaji akisema mia tano anatarajia useme mia mbili, na wote wawili mnajua mchezo, hakuna anayedanganywa hapo. Lakini mtu aliyeshika sarafu ya zamani, ile ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, anapokuuliza kama ina thamani, nawe unajua kwamba hiyo ni ya mwaka adimu, kisha unakunja uso na kusema ati ni chuma tu, hapo umeacha kupatana bei. Umemwekea uongo kichwani, na hicho ulichochukua umekichukua kwa uongo huo. Sioni jina lingine la tendo hilo ila wizi, hata kama pesa zimebadilishana mikono na risiti imeandikwa.

Kwa kijana wa vitabu, jibu langu lilikuwa tofauti, na najua wengine hawakulipenda. Muuzaji wa vitabu ni mfanyabiashara. Bei aliitaja yeye mwenyewe. Alinunua mzigo mzima kwa bei ya jumla, akaamua kuuza haraka badala ya kukagua kitabu kimoja kimoja. Simu anayo mfukoni, angeweza kuangalia. Hakumuuliza kijana chochote, na kijana hakumdanganya. Naye kijana amesoma miaka mingi kujua chapa hii na ile, na amenunua vingi ambavyo havikuleta hata nauli. Ujuzi ni kazi, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Tukisema kila anayejua zaidi lazima amfundishe muuzaji kabla ya kununua, basi hata fundi wa saa hawezi kununua saa iliyoharibika.

Lakini sikuishia hapo, kwa sababu dada mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alileta swali la pili, na hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Alisema: na kama muuzaji ni nyanya yangu?

Fikiria mjane kijijini. Mume amelala, karo inadaiwa, ameanza kuuza vitu vya marehemu: kigoda cha kuchongwa, sanduku la sarafu, redio ya mbao. Unafika wewe, umevaa vizuri, unaongea kwa heshima, pengine umetoka kanisa moja naye. Anakukaribisha chai. Kisha anakuuliza, “Mwanangu, wewe umesoma, hiki kinaweza kuwa cha pesa ngapi?”

Wapendwa, swali hilo likishatoka kinywani mwake, umekuwa mshauri wake pamoja na kuwa mnunuzi. Amekukabidhi macho yako yawe macho yake. Huwezi tena kusema “bei alitaja yeye.” Hata ukinyamaza na kutabasamu tu, kimya chako kimejibu. Mtu aliyekutegemea haki yake kwako ni kubwa kuliko ya mtu aliyeshindana nawe, na Maandiko yanaposema juu ya mjane hayazungumzi kwa sauti ya chini.

Tena kuna njaa. Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa dengu. Yeye alijua anachouza, na Waraka kwa Waebrania unamlaumu kwa kukidharau. Sawa. Lakini sijaona mahali Biblia inapomsifu Yakobo kwa kusubiri mpaka ndugu yake atoke porini amechoka ndipo afungue duka.

Sheria ya Musa ilikuwa na namna yake ya kuzuia mambo haya. Walawi 25:14-16 inakataza watu kupunjana katika kuuza na kununua, kisha inaeleza hesabu: shamba linauzwa kulingana na idadi ya mavuno yaliyobaki hadi mwaka wa yubile. Miaka mingi, bei kubwa. Miaka michache, bei ndogo. Angalia vile Mungu alivyofanya hapo. Aliweka hesabu ambayo mnunuzi na muuzaji wote wanaiona, kila mtu akahesabu kwa vidole vyake. Na Abrahamu katika Mwanzo 23, alipotaka pango la kumzikia Sara, aliomba mbele ya watu wote kulipa bei kamili. Efroni akataja shekeli mia nne za fedha. Abrahamu hakuponda pango, hakusema shamba lina mawe. Akapima fedha mbele ya mashahidi, kwa kipimo cha wafanyabiashara.

Mtu atauliza, sheria za leo zinasema nini? Kuna kesi moja ya Ufaransa iliyofuatwa sana, na inatuhusu sisi Waafrika kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 2021 wazee wawili, mume na mke, walikuwa wakitoa vitu vya zamani katika nyumba yao. Wakamuuzia mnunuzi wa vitu vilivyotumika kinyago cha mbao kwa euro 150. Kilikuwa kinyago cha Wafang wa Gabon, cha aina adimu sana, ambacho babu wa yule mzee, gavana enzi za ukoloni, alikuja nacho kutoka Afrika. Machi 2022 kinyago hicho kikauzwa kwa mnada mjini Montpellier kwa euro milioni 4.2. Fanya hesabu: mara 28,000 ya alicholipa mnunuzi. Wazee wakasoma habari gazetini, wakaenda mahakamani.

Desemba 2023 mahakama ya Alès iliwakatalia. Ilisema wao wenyewe walizembea, hawakutafuta kujua thamani ya kitu chao kabla ya kukiuza, na kwamba haikuthibitishwa kuwa mnunuzi aliijua thamani hiyo alipolipa zile 150. Iliripotiwa kwamba kabla ya kesi mnunuzi alikuwa tayari kuwapa euro 300,000, lakini maelewano hayakupatikana. Serikali ya Gabon nayo iliomba kinyago kirudishwe kwao, ikakataliwa.

Mimi si wakili, na uamuzi huo sioni kama ni wa ajabu. Mahakama hupima kilichothibitishwa. Ninachotaka uone ni kwamba mahakama iliuliza mnunuzi alijua nini siku ile. Hilo ni swali zuri, na ndilo swali ambalo hakimu hawezi kulijibu vizuri, kwa sababu hana dirisha la moyo. Wewe unalo. Ukinunua kitu, wewe na Roho Mtakatifu mnajua kama ulibahatisha au ulijua, kama ulinyamaza kwa sababu hukuulizwa au kwa sababu ulimwona mzee amechoka.

Na lile ombi la Gabon lisipite hivi hivi. Wale wazee waliuza bila kujua thamani, lakini kuna swali la nyuma yake: kilikuwa chao kuuza? Huku kwetu Pwani tunalo jambo kama hilo. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, vimeibwa kwa miaka mingi, vikauzwa kwa watalii na mwishowe vikafika makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka wa 1985 vilirudishwa 2007. Najua mwamini atasema, mchungaji, sisi hatuabudu nguzo, kwa nini tuzilie? Sijasema tuziabudu. Nasema ziliibwa kwa familia, na amri ya nane haina sehemu inayosema isipokuwa mali ya asiyeokoka. Kijana anayekuletea kitu cha namna hiyo usiku, akitaka pesa ya haraka, shida yake haiko kwenye bei. Hata ukimlipa bei kamili umenunua machozi ya mtu. Na sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi, ya mwaka wa 2006, haikuruhusu kufanya biashara ya vitu vya kale bila leseni, kwa hivyo achana nacho.

Tukirudi kwa mjane wetu, kuna njia ya kufanya biashara naye bila kumpunja na bila wewe kufa njaa. Mwambie unachokijua. “Mama, hiki nadhani kina thamani kuliko unavyofikiri. Sina uhakika ni kiasi gani.” Kisha kuna mambo mawili unayoweza kumwomba. Unaweza kumlipa bei ambayo ukiitaja mbele ya mwanawe wa kwanza huoni haya, ukabaki na faida ya kazi yako, maana wewe ndiye utakayekisafisha, utatafuta mnunuzi, na utapata hasara kikikosa soko. Au mnaweza kuandikiana: nipe nikuuzie, kikiuzwa tugawane hivi na hivi. Mawakala wa minada wanafanya kazi hivyo kila siku na hawalali njaa. Mara nyingi atakuuzia papo hapo, kwa sababu anataka karo leo, hataki hadithi za mnada. Hiyo ni haki yake. Tofauti ni kwamba sasa anachagua akiwa anaona.

Ndugu mwingine aliuliza juu ya pesa zilizopatikana kwenye mfuko wa koti la mitumba. Hilo ni rahisi zaidi, na nashangaa linavyotusumbua. Muuzaji alikuuzia koti. Hakukuuzia noti zilizo ndani. Kumbukumbu la Torati 22 linataka kilichopotea kirudishwe, na kama mwenyewe wa ng'ambo hapatikani, basi zungumza na aliyekuuzia, mkubaliane kama watu wazima. Kitabu cha thamani ni tofauti, kwa sababu kitabu chenyewe ndicho kilichouzwa.

Na kwa yule ambaye ameshanunua, na moyo unamchoma akisoma hapa: kama ulidanganya, Zakayo alijua la kufanya, tena hakusubiri Yesu amalize kula. Kama hukudanganya ila ulipata faida kubwa isiyotarajiwa kwa mtu mhitaji, hakuna amri ninayoweza kukusomea. Lakini barabara ya kurudi kwake unaijua, na nauli unayo.

Kwa ushirika wa nyumbani juma hili: someni Mwanzo 23 yote kwa sauti, kisha mjadili hili. Efroni alitaja shekeli mia nne, na wapo wanaosema bei hiyo ilikuwa ya juu mno kwa pango. Kama ni kweli, basi safari hii asiyejua bei alikuwa mnunuzi, mgeni aliyefiwa na mke. Efroni, mbele ya watu wa mji wake, alikuwa na deni gani kwake?