Kidole Kilichonaswa

Msomaji, je, umepata kuamka asubuhi ukaona kidole kimoja kimekunjika na kukataa kunyoka? Unakivuta kwa mkono wa pili, mara kinafyatuka kama mtego wa panya, na uchungu unaingia mpaka kiganjani. Jua likipanda kidole kinalegea, nawe unasema, "Kumbe kimepona." Kesho yake asubuhi kimenaswa tena.

Wengi wenye ugonjwa huu hufikiri kwamba mfupa umevunjika au kiungo kimeteguka. Wengine husema ni kazi ya adui. Lakini mfupa ni mzima, wala hakuna mtu aliyekutendea neno. Ni ugonjwa unaojulikana tangu zamani. Mganga mmoja wa Ufaransa, Alphonse Notta, aliueleza katika mwaka 1850. Ukitaka kuufahamu, nenda jikoni.

Siku utakapochinja kuku, twaa mguu wake uliokatwa. Mahali ulipokatwa utaona kamba nyeupe, ngumu, zinazong'aa. Hizo ndizo kano. Shika moja ya upande wa nyuma, uivute: vidole vya kuku vinakunjika, ingawa kuku amekwisha kufa. Watoto hupenda sana kuchezea jambo hili, nao hujifunza bila kujua. Vidole vyako hukunjika vivyo hivyo. Nyama zinazovuta ziko kati ya kiwiko na kiganja. Kano hutoka huko, hupita katika kiganja, na kuingia kidoleni. Kila kano imo ndani ya ala yake, kama kisu, na ala hiyo imeshikwa na mikanda iliyo kama pete, ili kano isiinuke mbali na mfupa. Pete ya kwanza iko kiganjani, karibu na shina la kidole. Hapo ndipo penye shida. Pete inakuwa nene, na kano inavimba na kufanya fundo. Nguvu za kukunja ni nyingi, basi fundo linapita. Nguvu za kunyosha ni chache, basi fundo linakwama. Weka kidole cha mkono wa pili mahali hapo, ukunje na kunyosha polepole. Mara nyingi utasikia fundo likitembea chini ya ngozi.

Kidole gumba na kidole cha pete hupatwa zaidi, na wanawake kuliko wanaume, hasa waliopita miaka 40. Kazi ya kushika kwa nguvu huchochea uchungu: kulima kwa jembe, kutwanga sombe, kupasua mbao, kusukuma chukudu huko Goma. Lakini wako wasioshika jembe nao hupatwa.

Sasa ufanye nini? Kwanza, upumzishe mkono. Najua mama atajibu, "Nikipumzika, watoto watakula nini?" Neno lake ni kweli. Basi zungusha kitambaa au mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mpini wa jembe na kwenye mchi, uwe mnene, ili usikaze vidole sana. Mwache mwingine akamue nguo. Usiku, funga kidole kikiwa kimenyoka juu ya ufito wa mwanzi uliozungushiwa kitambaa. Ufito uanzie kiganjani, upite shina la kidole. Fanya hivyo kila usiku kwa muda wa majuma sita. Usikaze mno: ncha ya kidole ikifa ganzi au kuwa baridi, legeza mara moja. Asubuhi tia mkono katika maji ya vuguvugu, kisha kunja na kunyosha taratibu.

Usikivute kwa nguvu ili kukikomesha. Tena usikubali kuchanjwa kwa wembe mahali penye fundo. Mishipa inayoleta hisia kidoleni imepita kando kando ya kano, karibu sana. Ikikatwa, kidole hakitasikia tena, na wembe mchafu huleta usaha.

Ikiwa majuma yamepita bila nafuu, njoo hospitali. Mganga aweza kupiga sindano ya kortisoni karibu na kano. Zaidi ya nusu ya watu hupona kwa sindano moja au mbili, ingawa nafuu yaweza kuchelewa siku kadhaa. Mwenye ugonjwa wa sukari aseme mapema, maana dawa hii hupandisha sukari kwa siku chache. Na kama vidole viwili au vitatu vinanaswa, nawe una kiu nyingi na unakojoa mara kwa mara, omba upimwe sukari. Sindano isipofaa, kuna upasuaji mdogo: mkono unatiwa ganzi, mganga anakata ile pete nene, na kano inapata nafasi. Unarudi nyumbani siku ile ile, nawe waanza kukunja kidole mapema.

Lakini angalia: kidole kikivimba chote, kikawa na moto, kikakaa kimepinda, na kukinyosha kidogo tu kunakupigisha kelele, hasa baada ya kuchomwa na mwiba au mfupa wa samaki, huo si ugonjwa huu. Ni usaha ndani ya ala. Usingoje kesho, kano yaweza kuoza katika siku chache.

Iko hali nyingine iliyo kinyume: kidole cha mwisho na cha pete vinapinda polepole, havifyatuki, haviumi, na ngozi haisikii moto wala baridi. Hapo tunauliza habari ya ukoma. Usijifiche. Tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani hutoa dawa zake bure, nazo zinaponya.

Mtoto mdogo naye aweza kuwa na gumba lililopinda, wala hakuanguka. Usilikande wala kulivuta. Mlete aonekane, wengi hunyoka wenyewe kadiri mtoto anavyokua, na wasionyoka hupasuliwa.

Nawe ukija, vua pete nyumbani kabla kidole hakijavimba zaidi. Utuambie kidole kilianza lini, unafanya kazi gani, unakunywa dawa gani, na kama una mimba.