Mlango wa Nyuma wa Land Rover: Acheni Kuutegemeza kwa Kijiti



Wengi wetu hupeleka maziwa kwa Land Rover za zamani ambazo mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu, ukategemezwa kwa kijiti. Kijiti kikiteleza, mlango huanguka. Mimi mwenyewe nilipigwa kichwani nikishusha mbolea kwenye motokaa ya jirani, nikashonwa. Je, kama angalikuwa mtoto?

Dawa yake ni fimbo mbili za gesi, kama zile zinazoinua mlango wa nyuma wa motokaa ndogo. Kila fimbo ni bomba la chuma lenye gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa na mafuta kidogo. Gesi husukuma ufito nje, na mlango hubaki juu.

HESABU YA NGUVU

Nguvu ya fimbo huandikwa kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni karibu uzito wa kilo 1.

Tuseme mlango ni kilo 12, na katikati yake ni sentimita 30 kutoka bawaba. Mlango ukiwa wazi, umelala sawasawa, pima kwa njia fupi kabisa kutoka bawaba hadi mstari wa fimbo: tuseme sentimita 15. Basi 12 × 30 ÷ 15 = kilo 24, yaani nyutoni 240. Kila fimbo itabeba 120. Nunua za 150. Nguvu ikizidi mno, mlango utapinda.

KAZI YENYEWE

1. Mtu mzima ashike mlango mpaka kazi iishe.

2. Pima kabla ya kutoboa. Mlango ukifungwa, ufito ubakize sentimita 1 kabla ya kufika mwisho.

3. Mlango ukifungwa, ufito utazame chini, ili mafuta yalowanishe mpira.

4. Alumini ni nyembamba. Tia bamba la chuma nyuma ya bolti, na rangi kati ya chuma na alumini, la sivyo alumini italika.

HADHARI

Usitoboe fimbo, usiichomelee, usiitupe motoni: itapasuka. Mlango ukianza kushuka wenyewe, badilisha fimbo zote mbili.

ZOEZI

Mlango ni kilo 15, vipimo ni vile vile. Kila fimbo itabeba nyutoni ngapi? (Jibu: 150. Kwa hiyo nunua zenye nguvu kidogo zaidi.)