Mbegu Penye Mwamba: Somo Kutoka Pwani Yetu



Katika mfano wa mpanzi, mbegu iliyoangukia penye mwamba ilinyauka. Sisi wakazi wa Bunju tuna haki ya kuuliza: mbona kisiwa cha Mbudya, kilichosimama juu ya mwamba wa matumbawe, kina mibuyu?

Tuujue kwanza mwamba wenyewe. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita ulikuwa matumbawe hai chini ya bahari. Maji yaliposhuka ukabaki nchi kavu. Ni chokaa, na mvua huila chokaa polepole, ndiyo maana umejaa mashimo na ncha kali (aliyewahi kuutembelea peku anaelewa). Ndani ya nyufa hukusanyika majani yaliyooza, vumbi na unyevu. Mbegu ikidondokea humo hupata pa kuanzia.

Sasa turudi kwa Marko 4. Mwinjili hasemi jiwe ndilo lililoua. Udongo haukuwa na kina, mche ukaota upesi, jua likauchoma kwa kuwa haukuwa na mizizi. Tatizo ni ule upesi. Vichaka vya mwambani kwetu havina haraka: vinabaki vifupi, majani yake ni madogo na manene ili yasipoteze maji. Mbuyu nao hupukutisha majani kiangazi na kutunza maji shinani.

Je, mmea umeuchagua ufa? Hapana. Aristotle, katika kitabu chake juu ya roho, anaupa mmea uwezo wa kujilisha, kukua na kuzaa tu. Hauhisi wala hautaki. Hata hivyo mzizi huelekea penye maji. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliona jambo la namna hii kuwa njia ya tano ya kumjua Mungu: kisicho na akili kinaelekea lengo, kama mshale uliorushwa na mpiga upinde. Mwanabiolojia atatueleza mzizi unavyofanya kazi, na anastahili kusikilizwa. Thoma anauliza utaratibu huo unatoka wapi. Kwangu hayo ni maswali mawili, si ugomvi.

Mbudya imo katika hifadhi ya bahari tangu 1975. Huku bara, jiwe hilohilo limejenga msikiti wa kale wa Kunduchi, na bado watu wanalihitaji, pamoja na kuni. Lakini kichaka cha mwambani kikikatwa, mvua huosha udongo kidogo uliokuwa ufani. Hapo mbegu inayofuata itaukuta mwamba ule wa Injili.