Hospisi si chumba cha kungojea kifo

Swali: Baba, mkazi wa Kitengela, ana saratani ya mapafu iliyosambaa. Anaikataa hospisi. Je, kwenda huko ni kukatiwa tamaa?

Jibu: La. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa aina hiyo: waliopata mapema huduma shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso kama itolewayo hospisi, pamoja na matibabu, hawakusononeka sana kama wenzao, na waliishi kwa wastani (mediani) miezi 11.6 dhidi ya 8.9.

Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990, iko Hospitali ya Kenyatta. Kutoka Kitengela ni safari ya matatu, foleni ya Mombasa Road ikiruhusu.

Katika huduma hiyo, mofini ya maji hutuliza maumivu na hata kukosa pumzi. Hufunga choo, hivyo mzee aandikiwe na dawa ya kukilainisha. Feni ndogo ikipuliza usoni nayo husaidia anapokosa pumzi.